Upungufu wa Aprili

Mwalimu wetu wa fizikia alivaa tai kila siku ya Mungu, hata wakati jua la Garissa linawafanya mbuzi wagombanie kivuli cha ukuta. Tai ilikaa juu ya shati la mikono mifupi, na chini yake, siku ambazo mkuu wa shule amesafiri, palikuwa na kikoi na makubazi. Aliyemwona kupitia dirishani alimwona afisa. Aliyemwona akiingia mlangoni alimwona mtu anayetoka kunywesha ngamia. Sisi wasichana wa bweni tulicheka mpaka tukazoea, na baadaye tukawa tunawacheka walimu wanaovaa tai na suruali.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, na si kwamba sijui. Kwetu watu wawili wakikutana, kabla maji ya kunywa hayajaletwa, kila mmoja ameshamchimba mwenzake hadi babu wa saba. Yeye aliukata mchezo huo mapema. Mzazi akija shuleni na kumwuliza, "Mwalimu, wewe ni wa nani?" alimjibu kwa heshima zote, "Mimi ni wa Kidato cha Tatu Mashariki." Mzazi alirudi nyumbani mikono mitupu, na mwalimu akabaki na amani yake.

Herufi ya p ilimshinda. Alisema "kibimo" na "bole bole", na sisi tulioinukia kwenye Kisomali kama yeye lakini tukajifanya watu wa mjini tulikuwa tunaziba midomo kwa shungi. Alituacha tucheke. "Chekeni," alisema, "chembe haijui Kiswahili." Nitaiandika hivyo hapa na pale, ninapoisikia bado masikioni, lakini si kila mara, nisije nikawachosha.

Alikuwa na swali moja alilowauliza watu wote, kuanzia mkuu wa shule hadi mama aliyetuuzia sambusa langoni: "Umeona au umesikia?" Siku moja msichana alikuja mbio darasani akisema fisi amechukua mbuzi nyuma ya bweni.

"Umeona au umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Umesikia fisi, au umesikia mtu anasema fisi?"

Msichana akafikiri, akakiri kwamba amesikia mtu. Mwalimu akaturuhusu sote, wasichana arobaini na wawili, tutoke kwenda kutazama. Tulikuta alama za miguu ya mbwa na mbuzi akila maboksi jikoni. Kipindi kizima kikaishia hapo, na mtihani wa muhula ule ukawa na swali la alama tano kuhusu fisi.

Watu wengine husema mwalimu fulani alikuwa mkali au mpole. Yeye alikuwa yote mawili kwa mambo yasiyofanana na ya watu. Ukichelewa alikunyamazia, ukija bila kazi ya ziada alikunyamazia, lakini ukiandika jibu bila kipimo chake, ukasema tu "saba" bila kusema saba nini, alikuwa na uwezo wa kukaa nusu saa akikuuliza: saba mbuzi? Saba ndoo? Saba Jumatatu? Chaki aliitumia mpaka ikawa punje, kisha akaichomeka kwenye kifuniko cha kalamu aendelee kuandikia. Hakuwahi kumgusa mtu kwa kiboko. Na mtu huyu aliyetaka kila kitu kipimwe mpaka nukta ya mwisho, ukimwuliza umri wake alikuambia alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, ukamwuliza mvua ipi, akakuambia ile ya kabla ya ukame.

Siku alipotaka kutufundisha juu ya mtambo mkubwa uliochimbiwa chini ya ardhi kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako chembe huzungushwa ndani ya pete ya kilomita ishirini na saba kisha zikagonganishwa uso kwa uso, hakuchora kitu ubaoni. Alitutoa nje hadi uwanja wa mpira wa wavu. Nusu yetu wazunguke kwa kulia, nusu kwa kushoto, na akipiga filimbi kila mmoja aendelee na njia yake bila kumkwepa mtu. Alipiga filimbi. Sijawahi kuona fujo kama ile. Shungi zilipaa, watu walikaa chini vumbini, matroni akatoka bwenini akipiga kelele kwamba watoto wa watu wanauawa. Katikati ya kugongana huko, kutoka kwenye mavazi ya mmoja wetu, ikaruka simu ya mkononi. Simu zilikuwa marufuku shuleni. Ilitua mbele ya miguu yake.

Aliitazama, akatutazama. "Mnaona? Kitu hatukujua kama iko, imetoka kwa sababu ya kugongana. Ndiyo kazi ya mtambo." Akaiokota, akaiweka juu ya nguzo ya wavu, akatugeuzia mgongo huku akieleza mambo ya nishati kwa muda mrefu kupita kawaida. Alipogeuka simu haikuwapo tena, na hakuuliza.

Kesho yake aliingia darasani uso umemshuka. "Jana niliwadanganya," alisema. "Simu ilikuwa ndani. Ile chembe kwenye mtambo haikuwa ndani. Nguvu ya kugongana yenyewe ndiyo imegeuka kuwa chembe. Futeni kichwani." Tulifuta, ingawa uwanja wa wavu haujanitoka mpaka leo.

Alichokipenda kuliko vyote ni mahali nadharia inapoishia. Walimu wengine walitufundisha sayansi kama mji uliokwisha kujengwa, wewe kazi yako kukariri majina ya mitaa. Yeye alitupeleka haraka hadi ukingoni. Alisema nadharia ya chembe waliyo nayo wanasayansi leo imefaulu karibu kila jaribio la maabara ililowekewa. "Lakini," akainua kile kifuniko cha kalamu chenye punje ya chaki, "muulize kwa nini jiwe linaanguka, hana jibu. Mvutano hauko ndani yake. Muulize ni kitu gani kisichoonekana kinachoshika nyota zisitawanyike, hana jibu. Muulize kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, maana kwa hesabu yake maada na kinyume chake zingemalizana zamani, hana jibu. Sasa mwanafunzi anayepata mia kwa mia lakini hajui amefikaje mjini, tumwite msomi?"

"Tumwite mkimbizi," mmoja wetu alijibu, na darasa likaanguka kicheko. Alicheka naye. Akasema basi fizikia ni mkimbizi mwenye vyeti vizuri.

Nilikuwa Kidato cha Pili ilipotangazwa kwamba ile chembe iliyosakwa kwa miaka mingi, ambayo nadharia ilikuwa imesema lazima ipo, imepatikana. Alikuja na halwa imefungwa kwenye gazeti, akatugawia kila mmoja kipande cha ukubwa wa kidole. Mwenyewe hakula. Tulimwuliza kulikoni. "Wamebata walichotarajia," alisema. "Ni habari njema. Lakini mimi niliomba wakose. Wangekosa, tungejua ukuta wa nadharia umebasuka wapi." Kisha akaona tumeacha kutafuna, akatuambia tule, halwa haina kosa.

Sasa niseme juu ya kile kidude, maana bila hicho nisingekuwa naandika.

Mafundi waliokuwa wanajenga barabara ya kaskazini walikuwa na kifaa cha kupimia mionzi, cha kujikinga na vyombo vyao vyenye mionzi, vya kupimia jinsi lami ilivyoshindiliwa. Kiliharibika wakamwachia. Alikifungua, akakipeleka kwa fundi wa redio pale sokoni, wakakilehemu wawili hao kwa wiki nzima mpaka kikaanza kulia: tik, tik-tik, tik. Kisha akatafuta betri kuukuu za lori, akatoa madini yake ya risasi, akafua vibamba, akakijengea kifaa kisanduku cha risasi nyuma ya maabara ya shule. Risasi inazuia mionzi inayotoka kwenye udongo na kuta, alisema. Kinachobaki kulia humo ndani, sehemu kubwa kimetoka juu.

"Nyoosha mkono," aliniambia siku ile ya kwanza. Nikanyoosha. "Kuna mioni inapita kiganjani mwako sasa hivi. Binamu ya elektroni, lakini mzito. Imezaliwa juu kabisa, pale hewa ilipogongwa na kitu kilichotoka nje ya dunia. Maisha yake ni mafupi kuliko kupepesa jicho. Kwa hesabu ya kawaida ingekufa kabla ya kukufikia. Inafika kwa sababu inakimbia mpaka saa yake yenyewe inachelewa."

Niliuficha mkono ndani ya shungi. "Inauma, Mwalimu?"

"Imekupita tangu ukiwa tumboni. Iliuma?"

Tulipangwa zamu. Asubuhi, adhuhuri na alasiri, msichana mmoja akae karibu na kisanduku dakika kumi kwa saa ya ukutani, apige mstari kwa kila tik, kisha aandike jumla daftarini. Jumla ilikuwa inacheza karibu na mia na ishirini, leo mia na tisa, kesho mia thelathini na mbili. Alitueleza kwamba kucheza huko ni halali, na kwamba kipimo kimoja si kitu, vipimo kumi ni uvumi, na vipimo mia vikikubaliana ndipo unaweza kumwamsha jirani.

Aprili ile mvua ziliikata njia ya Sangailu. Wenzangu walifunga shule wakaenda makwao. Mimi na wasichana wachache wa upande wa Ijara tukabaki bwenini wiki tatu, na wale wenzangu hawakutaka hata kulisikia jina la fizikia. Mwalimu alinikabidhi ufunguo wa maabara. "Wewe ndiye mlinzi," alisema. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sijui kama nimewahi kupewa kitu kikubwa zaidi.

Na hapo ndipo nilipofanya jambo nililolibeba miaka mingi kuliko nilivyobeba kitu chochote.

Mimi nimelelewa na ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, na ayeeyo alikuwa na mbuzi. Kwao, na kwa wafugaji wengi wa kwetu, hutaji hesabu kamili ya mifugo. Mtu akikuuliza una mbuzi wangapi, unataja pungufu. Jicho la watu halina pazia, na ulichokihesabu hadharani mpaka cha mwisho unakiita kiondoke. Ayeeyo alinifundisha kutoa kumi. "Hao kumi uliowanyamazia," aliniambia, "ndio wanaowalinda wengine." Nilijua kutoa kumi kabla sijajua kuandika jina langu.

Siku ya kwanza ya zamu yangu peke yangu, mvua inapiga bati, kisanduku kinalia, nilihesabu mia na kumi na nane. Nikaishika kalamu. Nikaona vibaya. Vitu vinashuka kutoka kwa Mungu bila kuombwa, kila siku, bure, na mimi mtoto wa mfugaji nikae niviandike mpaka cha mwisho, kweupe, kwenye daftari linalosomwa na watu? Nikaandika mia na nane. Alasiri nikafanya hivyo hivyo. Sikukosa hata mara moja wiki zote tatu, na nilihesabu kwa makini kuliko mtu yeyote, wallahi, kisha nikatoa kumi.

Mwisho wa Mei, shule ikiwa imeshafunguliwa, alichora mstari wa miezi mitatu. Machi tambarare, Mei tambarare, na katikati yake bonde. Alisimama mbele ya mstari ule akisahau hata kipindi. Mbele ya gwaride la Jumatatu akanisimamisha, akaiambia shule nzima kwamba msichana huyu amekaa peke yake wiki tatu na ameona kitu. Wakanipigia makofi. Ungekuwa wewe, ungesema saa ngapi?

Alikiita Upungufu wa Aprili, kwa kinywa chake Ubungufu wa Abrili. Alianza kutafuta sababu. Alikwenda uwanja wa ndege kuomba vipimo vya mgandamizo wa hewa, maana hewa ikiwa nzito mioni hupungua. Mgandamizo ulikuwa wa kawaida. Alimwandikia mhadhiri mmoja wa chuo kikuu kuuliza kama jua lilipata dhoruba, maana dhoruba ya jua nayo huzipunguza. Mhadhiri akajibu jua lilikuwa limetulia. Alikagua betri. Alipima upya vibamba vya risasi. Kila sababu aliyoifunga alikuja kuniambia, uso unang'aa, na kila aliponiambia mimi nilizama zaidi. Alipiga hesabu ya bahati nasibu, akaniambia uwezekano wa bonde lile kutokea lenyewe ni mdogo kiasi kwamba hata yeye hawezi kuusema kwa mdomo. Alisema kweli. Halikutokea lenyewe.

Nilimaliza shule, nikasomea kazi ya maabara ya hospitali, nikaajiriwa katika kliniki moja huko Dagahaley. Kazi yangu ni kuhesabu. Naweka tone la damu chini ya darubini, nahesabu chembe nyeupe, nahesabu vijidudu vya malaria, naandika namba, na daktari anaamua kwa namba hiyo mtoto wa mtu apewe nini. Huko sijawahi kutoa hata moja. Ila mara nyingine, nikiwa nimeinama kwenye darubini, uso wa Mwalimu ulinijia na ule mstari wake wenye bonde.

Alinipigia simu mara mbili tatu kwa mwaka, na hakuanza na salamu kama watu. "Gabar," alisema, yaani wewe msichana, ingawa nilikuwa nimeshaolewa, "umesikia habari ya mioni?" Kulikuwa na kipimo cha jinsi mioni inavyoyumba ndani ya sumaku, na kwa miaka kilikuwa hakikubaliani na nadharia. Alikifuatilia kwenye simu yake kama watu wanavyofuatilia ligi. Kisha akanipigia siku moja sauti imepoa. Wataalamu wamepiga upya hesabu upande wa nadharia, na ile tofauti imekaribia kuzibika. Kosa halikuwa kwenye chembe, lilikuwa kwenye hesabu ya watu. Akasema, "Basi umebaki wa kwetu tu. Umebaki Ubungufu."

Sikusema. Nilizungumzia bei ya maziwa ya ngamia. Sijivunii.

Mwaka huu alikuwa anastaafu. Akanipigia kuniambia kwamba walimu wa sayansi wanakutana Nairobi, watakuwapo na watu wa vyuo vikuu, na wamemwomba asome makala yake kuhusu Upungufu. Alisema kwa sauti ya mtu anayeitwa kituo cha polisi, si ya mtu anayealikwa. Nilimpongeza. Nilipokata simu nikakaa kwenye kiti cha maabara, nikamwona mbele ya ukumbi, na tai yake, akisema nadharia ya dunia nzima ina ufa na ufa wenyewe uko Garissa, na kijana fulani mwenye miwani akisimama kumwuliza nani aliyekuwa anahesabu. Miaka thelathini ya kufundisha ingekwisha kwa kicheko kimoja. Nikaomba ruhusa ya siku mbili.

Nilifika kwake mchana, saa ambayo Garissa nzima imelala. Mke wake alinifungulia. Namwita eeddo, shangazi, kwa heshima. Sisi si ndugu.

"Karibu, abaayo," alisema, yaani dada, na hapo hapo akaanza kulalamika kwa sauti ya chini. "Huyu mzee yako amenimaliza. Tangu ile barua ya Nairobi ije, halali. Mchana halali, usiku halali. Karatasi tu. Na mimi nalala jicho moja, naogopa ataanguka."

Mwalimu alikuwa ameketi sebuleni juu ya mkeka, kikoi kiunoni, tai shingoni. Mbele yake mstari wa miezi ile, umebandikwa kwenye kadibodi, na daftari lenye mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa amekonda. Aliniambia nikae, akaanza kunionyesha maswali atakayoulizwa na majibu yake, moja moja, na majibu yote yalikuwa mazuri.

"Mwalimu," nikasema, "Upungufu ni mimi."

"Ndiyo, nitakutaja. Wewe ndiye ulihesabu."

"Sivyo. Mimi ndiye niliyepunguza."

Nikamweleza. Nilimweleza ayeeyo, mbuzi, jicho, mvua kwenye bati, kalamu mkononi. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikilia katikati, Kiswahili kikaniishia nikamalizia kwa Kisomali. Nilipomaliza sikuweza kumtazama, nikawa natazama vidole vyake.

"Kila mara?" aliuliza.

"Kila mara."

"Ngabi?"

"Kumi."

"Si tisa? Si kumi na mbili siku nyingine?"

"Kumi, Mwalimu. Nilihesabu zote kwanza. Kisha nikatoa kumi."

Akanisukumia daftari. "Soma."

Nikasoma. Mia na nane. Mia na tatu. Tisini na saba. Mia na kumi na nne. Kila namba niliyoisoma aliiongezea kumi na kutia nukta mpya kwa penseli juu ya ile ya zamani. Eeddo alileta chai, akaiweka, hakuna aliyeigusa, akaondoka. Tulikwenda hivyo wiki zote tatu, vipimo sitini na vitatu, na penseli yake ilikuwa inapanda. Mwisho alichukua rula, akaiweka kuanzia Machi hadi Mei.

Bonde halikuwapo. Mstari ulipita Aprili kama Aprili haijawahi kuwa na tatizo na mtu.

Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilishajiambia kwamba akinifukuza nitaondoka, akininyamazia nitakaa nje mpaka alasiri.

"Alhamdulillahi," alisema. Akasema tena. Mara ya tatu sauti ilikatika, akafuta macho kwa ncha ya tai. "Kifaa kizima! Gabar, kifaa kilikuwa kizima siku zote!"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ngoja kwanza. Ngoja." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani ni mimi. Nilidhani nimetamani ukuta ubasuke mpaka mkono wangu ukakivuruga kifaa wenyewe. Miaka yote hii. Nikifundisha watoto kubima kitu, ndani naambiwa, wewe? Wewe ufundishe kubima? Nilikuwa naenda Nairobi kusoma kitu nisichokiamini, kwa sababu sikubata njia ya kukikataa. Na leo umeniletea njia."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika sana. Lakini hasira ni ndogo na furaha ni kubwa. Furaha ikipungua nitakupigia simu nikugombeze."

Nilicheka, na kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu nikiwa na miaka kumi na sita kikatoka, nikaweza kuvuta pumzi hadi chini. Nilikuwa nimesahau kwamba pumzi hufika huko.

Nilimwuliza kuhusu Nairobi. Alisema atakwenda, na sasa atakwenda kwa raha. Atawaonyesha bonde kwanza, awaache wahangaike kama alivyohangaika yeye, watafute jua, watafute mgandamizo wa hewa. Kisha atawaambia kwamba nadharia ina mashimo yake, na makubwa, lakini la Garissa si mojawapo. Kwamba hapa mwanafunzi wake mmoja aliona mioni zinashuka bure na akazionea huruma, akazificha kumi kumi zisipatwe na jicho. Akasema hajasikia kosa zuri kama hilo katika maabara yoyote duniani. Alisema ataandika leo leo. Akachukua karatasi safi, akaandika kichwa cha makala, akapigia mstari kwa rula, akaniomba nimsogezee mto aegemee kidogo huku akifikiria sentensi ya kwanza.

Nilimsogezea mto. Nikanywa chai yangu iliyopoa. Nilipogeuka kumwuliza sentensi ya kwanza inasemaje, penseli ilikuwa imeanguka kwenye mkeka na mdomo wake uko wazi.

Eeddo alikuja kuchukua vikombe. Alisimama mlangoni na sinia mkononi, akimtazama.

"Amelala?" alininong'oneza.

"Amelala."

Alisogea karibu, akainama, akaisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka. Kisha akaiweka sinia chini taratibu isilie, akavua ndara zake, akakaa upande wa pili wa mkeka akinyoosha miguu.

"Basi na mimi leo nilale," alisema, na akajifunika mtandio usoni.